Kikopo cha Kwandu

Mwamapalala, Itilima
7 Aprili 2024

Mwanangu Specioza,

Mwangaluka, mayu. Umeamkaje huko Bariadi? Josia ameamkaje? Lile jino lake la juu limeshatoka, au bado anakulilia usiku na asubuhi unakwenda kazini macho mekundu? Mwambie bibi yake anamsalimia, na mkono wangu wa kushoto bado unamtafuta kila nikikaa.

Sisi huku tuko wazima. Baba yako Machibya mzima, ila goti linamkaza asubuhi. Yeye anasema ni baridi, mimi nasema ni uzee, tunabishana hapo mpaka chai inapoa. Kaka yako Masalu mzima, yuko kwenye pamba tangu alfajiri. Mkewe Salu mzima, tumbo limeshuka, nadhani kabla ya mwezi kwisha atajifungua. Watoto wao wote watatu wazima, yule wa kati alichomwa na mwiba lakini anatembea. Ng'ombe wako aliyekuachia bibi yako amezaa ndama jike, ana baka jeupe kifuani kama amemwagikiwa maziwa. Hata jogoo mzima, ingawa nilitamani mgeni aje tumle maana anawika ovyo.

Kwandu naye anakusalimia sana. Nimemweka mwisho siyo kwamba ni mdogo kwangu. Unajua mwenyewe, tuliolewa kijiji hiki mwaka mmoja, nyumba yake na yangu ni ua wa minyaa tu katikati. Kidonda chake cha titi kimefunga vizuri, umekishona kama nguo ya harusi. Ila kila jioni akishamaliza kukamua anakuja, anakaa kwenye kile kigoda kibovu, anasema, "Nyamizi, daktari wako amesemaje?" Mimi namwambia bado. Kesho anakuja tena. "Amesemaje?" Bado. Juzi akacheka akasema, "Titi langu limefika Mwanza kabla yangu! Mimi mwenye titi sijawahi kufika hata Lamadi, lenyewe liko mjini linapanda lifti."

Watu wote wakacheka. Mimi nikaingia jikoni.

Nimeandika barua kwa sababu simu ya Masalu ina kioo kilichopasuka, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, na nyumba nzima inasikiliza. Darasa la nne langu linatosha kwa hili. Nampa Mihayo mwenye gari la Noah akuletee mkononi.

Sasa mwanangu, kuna jambo nataka kukuuliza, nauliza tu. Ile nyama mnayomtoa mtu, mnaiangalia palepale mkishaikata, au mnaiangalia baadaye? Na mkishaiangalia mnaifanyaje? Nijibu kwa barua, siyo kwa simu.

Mimi mama yako,
Nyamizi


Bariadi
12 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mfikishie baba shikamoo yangu, uwasalimie kaka na wifi Salu na watoto. Josia mzima, jino limetoka Jumanne na sasa ananing'ata bega. Mimi niko mzima wa mwili. Moyo siwezi kusema.

Umeuliza tunaiangalia lini. Mama, sisi tunaokata hatuoni ugonjwa kwa macho. Nyama ya Kwandu inatakiwa ifike maabara kubwa ya Mwanza, ikatwe nyembamba kuliko karatasi, iangaliwe na mtu aliyesomea kazi hiyo tu. Huyo ndiye anayesema ni saratani au siyo. Bila yeye mimi sijui, Kwandu hajui, na siwezi kumpa dawa hata moja.

Na haijafika. Kikopo kimepotea.

Nitakuambia wewe kwa sababu sina mwingine. Sheria ya kazi yetu haina kona kona. Anayekata ndiye mwenye dhamana ya kile alichokata, mpaka mtu mwingine aandike jina lake kwenye daftari kwamba amepokea. Sahihi mbili, ya anayetoa na ya anayepokea. Kikopo hakilali nyumbani kwa mtu. Hakikai karibu na chakula, maana ile dawa ya ndani, fomalini, ni kali. Kikipotea, mkubwa wa kazi anaambiwa siku hiyohiyo, na mgonjwa anaambiwa. Niliapa kufuata hayo.

Alhamisi ile tuliyomfanyia Kwandu upasuaji, gari la sampuli lilikuwa limeshaondoka kwenda Mwanza. Lingine mpaka wiki ijayo. Na wewe ulikuwa hapa kwangu, kila jioni unaniambia fanya haraka, Kwandu ni kama dada yangu. Nikamwambia Mayige wa maabara, nipe, nitakituma mwenyewe asubuhi kwa basi. Mayige ananiamini, akaandika "imetumwa" akatia sahihi yake. Mimi sikutia yangu. Nikakileta nyumbani kwenye mfuko mweusi, nikaweka juu ya kabati. Alfajiri nikaitwa, mama mmoja alikuwa anatokwa damu kwenye uzazi, nikakimbia. Niliporudi mchana, wewe ulikuwa umeshasafiri na kikopo hakipo. Nilikitafuta mpaka usiku, nikakupigia simu, ukasema hukuona. Nikadhani labda nilikibeba bila kujua nikakisahau kwenye bajaji.

Wiki mbili zilizopita Mwanza walipiga simu, sampuli hawajaiona. Mganga mfawidhi, mkubwa wetu wa hospitali, akatuita. Daftari lina sahihi ya Mayige peke yake. Akaniuliza, nikasema nilikiacha kwa Mayige.

Ndiyo, mama. Nilisema hivyo.

Mayige amesimamishwa kazi. Miaka kumi na moja yuko pale. Alinitazama tu, hakusema kitu mbele ya watu. Kamati ya nidhamu itakaa mwezi wa sita.

Kwandu mwambie majibu yanachelewa.

Mwanao,
Specioza


Mwamapalala
17 Aprili 2024

Specioza mwanangu,

Salamu za huku ni nzima, wote uliowataja wazima, Salu bado hajajifungua. Leo sitazirefusha. Kaa chini kwanza. Kama Josia yuko mgongoni mshushe.

Kikopo ninacho mimi. Yaani sinacho mkononi, lakini nakijua kilipo.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, usikasirike kabla hujamaliza. Mwaka juzi ulipomzaa Josia, wewe mwenyewe ulinipa kondo la nyuma pale hospitalini, kwenye mfuko mweusi. Uliniambia, "Mama, hili ni letu, kalizike nyumbani." Nikasafiri nalo nikalizika nyuma ya nyumba ya kupikia, kama nilivyozika la kwako na la Masalu. Hukumbuki? Mimi nakumbuka, hata kanga niliyovaa.

Sasa Ijumaa ile umekwenda kazini gizagiza. Kumekucha, nafungasha vitu vyangu, natafuta ile chupa ya mafuta uliyoninunulia. Juu ya kabati naona mfuko mweusi. Nafungua. Kikopo, ndani maji na kipande cha nyama, na karatasi imebandikwa, KWANDU. Herufi kubwa. Nikasoma mara mbili. Moyo ukanilainika kabisa. Nikasema, tazama mwanangu, hajasahau. Amemaliza kazi yake, ameniwekea nimpelekee Kwandu mwili wake ukalale kwao. Nilijua mmeshaiangalia! Mtu mwenye akili gani angeleta nyama ya mtu nyumbani kabla hajaiangalia?

Nikakitia kapuni, katikati ya dagaa na ile sabuni. Kapu lilinuka dawa siku tatu, na wale dagaa tulikula, Mungu anisamehe. Jioni ile Kwandu, aliyeruhusiwa kurudi tangu Alhamisi, alikuwa amelala ndani na kidonda chake, nikapita mwanya wa ule ua wa minyaa, nikachimba upande wake, mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Nikakifunga kwa kipande cha kitenge nikakizika na kikopo chake. Sikumwambia. Mtu anayeuguza kidonda humwambii nimekuzika kipande.

Halafu ukapiga simu. Unajua tulikuwa wangapi pale? Baba yako, Masalu, Salu, na Kwandu mwenyewe tunapukuchua naye choroko, magoti yake yanagusana na yangu. Sauti ya nje. Ukauliza, "Mama, uliona kikopo juu ya kabati?" Wote wakanitazama. Ningesema nini, mayu? Nikasema sikuona. Kwandu akaniuliza, "Kikopo gani?" Nikasema cha mafuta. Nikafikiri nitakueleza baadaye, ni jambo dogo. Baadaye ikawa kesho, na kesho nikaogopa kwa sababu jana nilisema sikuona.

Sasa huyo Mayige ana watoto? Nijibu hilo kwanza.

Nipo tayari kukifukua hata leo. Niambie.

Mama yako,
Nyamizi


Bariadi
19 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo.

Usikifukue. Usimwambie mtu. Usimwambie baba wala Masalu, na Kwandu hata kidogo.

Kikionekana, jambo la kwanza litakaloulizwa ni kilifikaje nyumbani kwangu. Nitakuwa nimevunja sheria kwa kukitoa hospitali bila sahihi, nimekiweka karibu na chakula cha watu, na nimesema uongo mbele ya mkubwa wangu nikamwangusha mwenzangu. Leseni itakwenda. Wanaweza kunifikisha mahakamani. Josia ana mimi tu.

Mwambie Kwandu aje Bariadi tumkate kipande kingine. Sema sampuli ya kwanza ilikuwa ndogo. Nitafanya mwenyewe na safari hii nitafuata kila kitu.

Nawa mikono yako vizuri kwa sabuni. Na barua hii ichome.

Mayige ana wanne.

S.


Mwamapalala
8 Mei 2024

Mwanangu Specioza,

Mwangaluka. Sisi wazima. Salu amejifungua mtoto wa kike, ana nywele nyingi kama wewe ulivyokuwa. Kondo wamelibakiza huko huko zahanati, sikuliomba. Baba yako aliniuliza kwa nini, nikasema siku hizi ndivyo ilivyo.

Barua yako niliichoma kwenye mafiga. Iliwaka haraka, lakini maneno yake ninayo.

Nilimwendea Kwandu kama ulivyosema. Nilimkuta anasonga ugali, nikamsaidia kushika chungu. Nikamwambia, "Mwenzangu, hospitali wanakuita, wanataka kipande kingine, cha kwanza kilikuwa kidogo."

Akaacha mwiko. "Kidogo? Walinichimba shimo naweza kuweka yai humu, wewe unasema kidogo?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Wanasema nani? Specioza? Kwa nini hasemi mwenyewe? Mimi nilimbeba mgongoni huyo, anikojolee, leo ananitumia salamu kama wa benki?" Halafu akasema, "Nyamizi, mimi siyo mbuzi wa buchani, leo paja, kesho bega. Kama nyama yangu wameitupa waniambie wameitupa. Nitalia siku moja nimalize."

Akanitazama sana. Akasema, "Na wewe siku hizi hukai kwangu. Ukija unasimama kama mkusanya ushuru."

Hatakuja, mayu. Amekataa.

Sasa sikiliza. Ana kitu kwapani. Ameniwekea mkono wangu hapo mwenyewe. Mwezi wa nne kilikuwa kama punje ya choroko. Sasa hivi ni kama karanga. Anasema, "Hiki nacho nimpelekee nani?"

Na kila jioni akiosha vyombo, anamwaga maji palepale. Palepale nilipochimba. Kuna mche wa boga umeota hapo, unatambaa, na yeye anaufurahia, anasema mwaka huu nitakula boga bila kupanda. Mimi siku hizi napita njia nyingine nisiuone.

Mihayo ananiambia amemwona Mayige kwenye mizani ya pamba huko kwenu, anashona magunia. Mtu wa maabara! Mihayo anasema ana mikono laini, sindano inamtoboa, vijana wanamcheka wanamwita Daktari Gunia.

Nimefikiri neno. Nitakuja kwa huyo mkubwa wenu niseme mimi niliingia maabara nikaiba. Mama wa kijijini, sijui sheria, niliona jina la mwenzangu nikachukua mezani. Wewe hutatajwa, Mayige hatatajwa. Mimi wanifunge, nimeshazaa nimeshalea, sina cha kukimbilia. Ukikubali nitakuja hata kesho.

Na neno moja la mwisho. Kikopo kilikuwa na mfuniko umekaza sana, hakikuvuja hata tone. Nyama iliyo ndani ya ile dawa, chini ya ardhi, bado inaweza kusema kitu? Au imeshakufa?

Mama yako,
Nyamizi


Mwamapalala
16 Mei 2024

Specioza,

Mihayo ameniapia kwamba barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama mlangoni, ukamwambia hakuna majibu. Ni kweli?

Karanga imekuwa mbili.

Mama


Bariadi
23 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Mtoto wa wifi Salu nimefurahi sana kumsikia, mpelekee shuka hili dogo.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Umeniuliza swali moja na nimelikimbia wiki mbili kwa sababu jibu ninalijua. Fomalini ndiyo kazi yake. Inatunza nyama miezi, hata miaka. Kama mfuniko ulikaza, kile kilichomo bado kinaweza kusomwa. Kimekaa hapo kinasubiri.

Huwezi kusema uliiba maabara. Mlango ule una funguo mbili, wangu na wa Mayige. Watasema Mayige alikufungulia, atakwenda yeye na wewe.

Kwa sheria, siku niliyojua kikopo kilipo ndiyo siku niliyotakiwa kusema. Barua yako ilinifikia tarehe 18 mwezi wa nne. Leo ni siku ya thelathini na tano. Kila asubuhi naamka nasema leo, naingia getini, naona mganga mfawidhi anaegesha pikipiki yake, ananiuliza, "Daktari, mtoto hajambo?" Nasema hajambo. Naingia wodini. Wagonjwa wananishika mkono. Nikikata mtu sasa, naandika jina lake kwenye kikopo mara tatu, manesi wananiuliza kama nimelisahau.

Maelezo yangu kwa kamati bado hayajaandikwa. Wanakaa Jumatatu tarehe tatu mwezi wa sita, saa tatu asubuhi. Mayige ameitwa pia.

Hizo mbili za kwapani, mama, sizipendi. Sitaki kusema zaidi kwenye karatasi.

Sikuambii ufanye nini. Nilikuambia mara moja na nilikosea. Lakini sina nguvu ya kukuambia kinyume chake.

Mwanao,
Specioza


Mwamapalala
30 Mei 2024

Mwanangu Specioza,

Mwangaluka, mayu. Baba yako mzima, goti limelegea. Masalu mzima. Salu na kichanga wazima, shuka limefika, wabeja, asante sana. Watoto wazima. Ndama wako ameanza kula majani. Kwandu mzima kwa kutazama.

Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaiweka kifuani siku tatu. Nilisubiri nisikie sauti ya kuniambia nyamaza, au sema. Sikusikia yoyote. Nilichosikia ni Kwandu anakohoa upande wa pili wa ua.

Jumanne wanaume wote walikuwa mizani, wamepeleka pamba. Nikachukua jembe nikaenda kwake. Alikuwa anachambua mboga. Nikamwambia, "Kwandu, nyama yako haiko Mwanza. Iko hapo."

Akatazama jembe, akatazama boga lake. "Hapo wapi?"

"Hapo unapomwaga maji."

Nikamweleza yote. La kabati, la mfuko mweusi, la simu, la kikopo cha mafuta, na sheria yenu ya daftari la sahihi mbili. Sikuacha langu hata moja. Yeye akaendelea kuchambua mboga, jani moja moja, mpaka nikamaliza. Halafu akasema taratibu kabisa, "Umenizika, Nyamizi."

Nikasema ndiyo.

"Umenizika nikiwa hai. Na juzi ukaja kuniazima chumvi."

Mwanangu, nimewahi kupigwa maishani mwangu, sijawahi kusikia maumivu kama yale. Nikaanza kulia, akaniambia nyamaza, kama kuna mtu wa kulia hapa ni mimi na sijaanza. Akasimama, akang'oa ule mche wa boga na maua yake yote, akautupa kwa mbuzi. Akaninyang'anya jembe. Kidonda chake cha upande ule bado kinavuta, lakini hakutaka nimsaidie. Alichimba mwenyewe.

Kitenge kimeoza. Kikopo kiko vilevile. Maji ndani hayajapungua, na karatasi imelowa pembeni lakini KWANDU inasomeka, na tarehe inasomeka, na yale maneno mengine ya titi la kushoto. Uliandika vizuri, mwanangu. Nilitaka kukifuta udongo kwa upindo wa kanga, akasema usikiguse, umeshakigusa vya kutosha. Akakaa nacho mapajani muda mrefu. Akakiinua kwenye mwanga. Akasema, "Kumbe ni kadogo kweli." Halafu ndipo akalia.

Jana alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kile kigoda kibovu. Aliniuliza maswali kuhusu wewe na nikayajibu yaliyo yangu tu. Kwamba ulikitoa hospitali bila kuandika, na ulichosema kuhusu Mayige, sikuyasema mimi. Hayo ni yako. Lakini Kwandu siyo mjinga, alishasikia neno kabati, anajua kabati liko nyumbani kwa nani.

Nikamwomba. Nisikufiche, nilimwomba. Nilipiga magoti, nikasema mwenzangu, tukirudishe kimya kimya, mwanangu atakipeleka Mwanza, majibu yatakuja, hakuna atakayeuliza. Akasema, "Na yule anayeshona magunia? Mihayo amenisimulia, amesimamishwa kwa ajili ya kikopo changu." Nikainuka kwenye magoti. Akasema, "Mimi sitaki mwanao afungwe. Nilimbeba. Lakini kikopo hiki sasa ninacho mimi, na sitakitoa mkononi mwangu ila kwenye lile daftari, niwaone kwa macho yangu wanaandika. Wawili. Anayetoa na anayepokea."

Kwa hiyo tunakuja. Jumapili baada ya ibada Mihayo anatuchukua, tutalala Bariadi kwa binamu yake Kwandu, hatutakuja kwako, usipike. Kikopo tumekiweka ndani ya ndoo yenye mfuniko, peke yake, hakuna dagaa, hakuna chakula cha aina yoyote. Nimenawa kwa sabuni. Jumatatu saa mbili asubuhi tutakuwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mganga mfawidhi, kabla kamati haijaingia.

Specioza mwanangu, mimi niliuza dengu na mbuzi usome. Nilikuwa nikipita njiani watu wananiita Mama Daktari, hata nikiwa nimebeba samadi kichwani. Leo napanda gari na kitu ambacho kinaweza kukuvua hilo jina, na siwezi kushuka, na siwezi kumwambia dereva asimame. Nikinyamaza namzika Kwandu mara ya pili. Nikisema nakuzika wewe. Nimezunguka humu ndani wiki zote hizi kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, nimekanyaga mpaka majani yameisha. Sijaona upande wa kutokea ambao wewe hupo mlangoni.

Tangu juzi najifunza kuandika jina langu kwa herufi ndogo, liingie kwenye mstari. Kwenye daftari, pale kwenye anayetoa, nitaandika mimi. Nyamizi. Hapo sina wasiwasi, ni kweli mimi ndiye ninayetoa.

Pale kwa anayepokea ndipo sijui. Kwandu anataka awe Mayige, mbele ya watu wote, apewe kazi yake hapohapo. Mimi nataka uwe umefika kabla yetu. Uwe umeshaingia kwa mkubwa wako na kusema ya kwako kwa mdomo wako, ili sisi tukifika tukukute umeketi upande wetu wa benchi, siyo ule mwingine. Siwezi kukulazimisha. Lakini nikikuona huko ndani umesema tayari, hata wakikuvua koti, nitakubeba mimi, wewe na Josia, nyumba ipo.

Mihayo anashuka na barua hii kesho asubuhi na anarudi Jumamosi jioni. Nitakuwa nimesimama barabarani namsubiri. Mpe neno moja tu, hata kwa mdomo, kwamba Jumatatu nikukute wapi. Usimwambie tena hakuna majibu. Fanya haraka, mayu.

Mimi mama yako,
Nyamizi